Mbu Waliohudhuria Mazoezi

Ijulikane kwanza kwamba sikuhusika na paa la jiko la bweni. Lilibebwa na upepo likaenda kuishi mtoni, na ingawa mwalimu wa zamu aliniita mara mbili kuniuliza nilikuwa wapi, hata yeye alikubali mwishowe kwamba msichana wa miaka kumi na sita hawezi kung'oa mabati yote yale peke yake. Shule ikafungwa mpaka jiko litengenezwe. Nikarudi kijijini kwetu Tolungan na sanduku langu, na bibi yangu, Odu Motilin, akanipokea kwa furaha kubwa. Furaha hiyo haikutokana na mapenzi. Kikundi chake kilikuwa kimepungukiwa mpigaji mmoja.

"Mikono yako mizima?" aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Mizima, Odu."

"Haya. Utapiga tagung ya tatu. Na ukileta mchezo wako, Delfina, nakurudisha shule ukanyeshewe na mvua mezani."

Tagung, kwa yule ambaye kwa bahati mbaya hakuzaliwa kwetu, ni sinia nene la shaba lenye kitovu katikati. Hutundikwa kwa kamba na kupigwa kwa rungu dogo. Kikundi chetu kina sita, pamoja na ngoma moja. Kila sikukuu ya mavuno vijiji vya wilaya hushindana, na kila mwaka kijiji cha Sinurai hutushinda. Wakishatushinda hupita Tolungan na lori lao wakipiga honi, ijapokuwa barabara ya kwao haipiti kwetu hata kidogo. Odu alikuwa amesimama kanisani, mbele ya padri na watu wote, akatangaza kwamba mwaka huu Tolungan itapanda jukwaani na itapiga mpaka Sinurai waombe maji ya kunywa. Maneno kama hayo, ukishayatoa kanisani, huwezi kuyarudisha.

Tatizo lilikuwa marehemu Mzee Ondoi. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga tagung kubwa tangu mama yangu hajazaliwa. Alifariki mwanzoni mwa mwaka, kwa uzee tu, akiwa kitandani kwake, na mjane wake, Bibi Lunsim, akaingia kwenye matanga. Desturi ya Tolungan haina utani katika jambo hili: mjane mkubwa akiwa kwenye matanga, tagung hazilii kijijini mpaka mwaka uishe. Anayevunja kimya hicho hutozwa sogit, yaani faini ya kupoza ardhi: nguruwe mmoja, kuku mmoja, na aibu isiyopimika kwa mizani.

Odu aliisoma desturi hiyo kama wakili. Kimya ni cha kijijini, sivyo? Na kijiji kinaishia wapi? Kwenye kijito. Basi ng'ambo ya kijito si kijijini. Huko, ukingoni mwa msitu, kuna kibanda cha zamani cha kukaushia mpira, ambacho hakuna aliyekitumia tangu bei ya mpira ianguke. Tukazifunga tagung kwa mablanketi, tukazivusha kijito mmoja mmoja kama wezi wa kuku, na kila jioni, watu wakitoka mashambani na giza halijaingia, tukapiga. Marungu tuliyavalisha soksi ili sauti isifike mbali. Wasikilizaji wetu walikuwa kima waliokuja kula matunda ya porini juu ya kibanda. Walikaa matawini mikono magotini, kimya kabisa. Watazamaji wenye adabu kuliko wa Sinurai.

Na ikawa siri. Hakuna aliyeapa, lakini kila mmoja alijua kwamba nje ya kibanda hatujui tagung ni nini.

Kisha watu wakaanza kuugua.

Wa kwanza alikuwa Mama Rosnih, mpigaji wa tagung ya pili: homa, kutetemeka, kichwa kinagonga kama fundi bati yuko ndani. Akafuata Mwalimu Severinus, mpiga ngoma. Wakafuata wengine wawili. Hospitali ya wilaya ikawapima damu, ikasema ni malaria, ile ya kima. Dawa ipo, ukiwahi utapona. Usipowahi, hutakuwa na haja ya kuwahi kitu kingine.

Hapa lazima nimtaje Dada Jovita, na kila mtu wa Tolungan akimtaja hunyoosha mgongo kwanza. Ni binamu yangu, mtoto wa dada yake mama, na ndiye mtu wa kwanza wa kijiji chetu kwenda chuo kikuu. Alikwenda kusomea mbu. Wazee walicheka sana walipoambiwa, kwa kuwa mbu kwetu wapo bure. Leo hakuna anayecheka. Picha yake akiwa na koti jeupe imetundikwa ukumbini kwetu, katikati ya picha ya gavana na picha ya timu yetu ya kuvuta kamba, na ile ya timu imesogezwa kidogo pembeni ili yake ipate nafasi.

Dada Jovita alikuja na watafiti wenzake wawili, akatandaza mitego yake, na akabandika ukutani mwa ukumbi ramani kubwa ya kijiji iliyopigwa kutoka angani. Kila mgonjwa akapata pini nyekundu pale alipodhani aliumwa na mbu.

"Malaria hii si ile ya utoto wangu," Odu alimwambia. "Ile tulilala ndani ya vyandarua ikaondoka."

"Ile ilitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, Odu," alijibu Dada Jovita. "Hii inakaa ndani ya kima. Mbu wa msituni anamuuma kima, anaondoka na vijidudu, siku kadhaa baadaye anakuuma wewe. Kima mwenyewe anakula matunda yake hana habari. Huwezi kumpa kila kima kidonge. Kwa hiyo lazima tujue mbu, kima na mtu wanakutana wapi, na saa ngapi. Tukijua hapo, tunawatenganisha."

"Na utajuaje?"

"Kwa kuwauliza watu walikuwa wapi. Na kwa miguu."

Miguu ilikuwa kweli. Jioni vijana wanne wakubwa, waliokwisha kumeza dawa ya kinga, walikaa uani kwenye vigoda, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Mbu akitua, kabla hajauma, wanamfunika kwa kichupa, anatiwa kwenye kikombe cha karatasi, anaandikiwa saa. Niliomba kazi hiyo kwa heshima zote.

"Una miaka mingapi?" akauliza Dada Jovita.

"Miguu yangu ina kumi na minane."

"Irudi ukitimiza na wewe."

Kazi ya kuuliza ikawa ngumu kuliko ya miguu. Dada Jovita aliketi na kila mgonjwa kwa upole, akamuuliza: majuma mawili kabla ya homa, jua likizama, ulikuwa wapi?

"Nyumbani," alisema Mama Rosnih.

"Nyumbani," alisema Mwalimu Severinus. "Nasahihisha madaftari." Watoto wa darasa lake waliokuwa dirishani walitazamana kwa mshangao, maana madaftari yao hawajayaona tangu mvua za mwanzo wa mwaka.

Nyumbani, nyumbani. Wote walikuwa nyumbani. Basi pini zikachomwa kwenye nyumba zao. Nyumba zikapuliziwa dawa, vyandarua vikaongezwa. Vijana wenye miguu wakakaa katika nyua za wagonjwa jioni baada ya jioni na kupata mbu wachache tu wenye njaa ya kawaida. Dada Jovita akawa anasimama mbele ya ramani, kalamu mdomoni.

"Hawa watu hawafanani kwa lolote," aliniambia siku moja. "Mama mmoja, mwalimu, mkata michikichi, muuza duka. Mmoja yuko juu, mwingine chini kabisa. Wanakutana wapi na mbu wa msituni, kitandani?"

Mimi nilizitazama pini zile. Mtu yeyote wa Tolungan angeziona mara moja. Kilikuwa ni kikundi chetu.

Nikamfuata Odu bandani, akiwalisha nguruwe.

"Odu, zile pini ni sisi."

"Najua kuhesabu."

"Basi tumwambie Dada Jovita."

"Tumwambie nini? Kwamba tumempigia Lunsim tagung masikioni na mume wake hajaoza?" Alimwaga pumba kwa hasira mpaka nguruwe akarudi nyuma. "Nguruwe wa sogit ninaye, huyu hapa, mnono. Hilo si neno. Lakini Lunsim akijua, tagung zinafungwa mpaka mwaka uishe, na sikukuu ni mwezi ujao. Nimesema kanisani, Delfina. Kanisani!"

"Mtu akifa je?"

"Wanapona. Wote wamepona."

"Odu..."

"Neno moja tu likitoka mdomoni mwako, wewe si mjukuu wangu. Umesikia?"

"Sitasema neno, Odu."

Siku iliyofuata mjomba wangu Palong, mtoto wa mwisho wa Odu na mpigaji wetu mpya wa tagung kubwa, alianguka shambani. Alikuwa ameificha homa kwa sababu ya mazoezi. Walimpakia kwenye gari akiwa amebadilika rangi, midomo mikavu, akimwita mama yake kama mtoto. Hospitalini walimtundikia dripu na kumwekea mashine ya hewa. Odu alikaa naye mpaka akatambua watu, kisha akarudi nyumbani, akaketi ngazini. Jioni hatukwenda kibandani. Lakini siri pia hakuitoa.

Ndipo mkuu wa kijiji, Mzee Gimbad, akapata wazo. Mzee Gimbad hupata wazo mara chache, kwa hiyo akilipata hulitekeleza haraka. Kama watu wote wanaumwa nyumbani, alisema, basi kima wanakuja nyumbani. Na wanafuata nini? Matunda. Na miti mikubwa ya matunda iko wapi? Nyuma ya nyumba ya Bibi Lunsim: milangsat tisa aliyoipanda marehemu Ondoi mwaka aliooa. Ikatwe. Akaitisha mkutano.

Dada Jovita hakupenda. "Sina ushahidi wa miti hiyo, Mzee."

"Una pini," alisema Mzee Gimbad.

Asubuhi ya mkutano nilitumwa kufagia ukumbi. Nilifagia vizuri mno. Nilifagia hata chini ya jukwaa, mahali ambapo hapajaona ufagio tangu ukumbi ujengwe. Kisha nikapumzika kidogo mbele ya ramani. Naomba ikumbukwe kwamba niliahidi kutosema neno, na neno sikulisema, wala asubuhi ile wala baadaye.

Watu walipojaa, Bibi Lunsim aliingia amevaa nguo nyeusi, akaketi mbele. Mzee Gimbad akaeleza habari ya miti. Bibi Lunsim alitazama mikono yake.

"Kama miti ya Ondoi ndiyo inayoua watu," alisema, "kateni. Sitaki watu waseme alituachia ugonjwa."

Nilimwangalia Odu. Alikuwa amekaa wima kama msumari.

Dada Jovita akainuka kuonyesha ramani, akaigeukia, akasimama. Pini zote tano nyekundu hazikuwa kwenye nyumba tena. Zilikuwa zimebanana mahali pamoja, ng'ambo ya kijito, ukingoni mwa msitu, mahali asipokaa mtu.

"Nani amechezea ramani yangu?"

Ukumbi mzima, pamoja na watoto wachanga, ukageuka kunitazama mimi. Sifa ya mtu humtangulia.

"Delfina!" alifoka Mzee Gimbad. "Watu wanakufa, wewe unacheza! Hii ndiyo elimu ya bweni?"

Nikainuka. Nilikuwa na ufagio bado mkononi, nikaushika kama askari. Nikamtazama Odu, naye akaitazama ramani. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliziona pini zile tano, na bila shaka aliiona ya mtoto wake. Kisha akasimama, akashikilia kiti cha mbele yake.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Hajachezea kitu. Sasa ndiyo iko sawa."

"Iko sawa vipi?" akauliza Dada Jovita.

"Hapo ndipo tulipokuwa jua likizama. Wote. Kila jioni. Tulikuwa tunapiga tagung, na mimi ndiye niliyewapeleka." Akamgeukia Bibi Lunsim. "Lunsim, nimevunja kimya chako. Nikawafanya watu wazima wadanganye, na kwa uongo wetu ilibaki kidogo miti ya mume wako ikatwe bure. Nguruwe nitamleta leo. Tagung nitazifunga mwenyewe. Sinurai watacheka, na wacheke."

Nimesikia hotuba nyingi shuleni, nyingine za wakubwa waliokuja na magari matatu. Hakuna aliyesimama kama Odu alivyosimama siku ile. Alikuwa amepoteza kila kitu alichokitaka, na kidevu kiko juu.

Bibi Lunsim akasema, "Motilin, unadhani mimi kiziwi?"

Watu wakatazamana.

"Soksi! Mmeyavalisha marungu soksi, ati nisisikie. Kila jioni nawasikia. Tagung ya tatu inachelewa."

Sitasema neno juu ya tuhuma hiyo.

"Ulijua?" Odu aliuliza.

"Nilijua. Nikasema moyoni, wanaenda mbali kwa heshima ya Ondoi, waache. Sikujua heshima hiyo inawapeleka mdomoni mwa mbu." Akamgeukia Dada Jovita. "Wewe mwanangu, una hakika ni hapo?"

"Sina hakika, Bibi. Ni lazima nihesabu. Kibandani na kijijini, jioni ileile, saa ileile, watu wafanye kila kitu kama walivyokuwa wakifanya."

"Hata tagung?"

"Ikiwezekana."

"Basi pigeni," alisema Bibi Lunsim. "Nguruwe nileteeni, sijasema nimemsamehe mtu nguruwe. Lakini kwa kuhesabu mbu, pigeni. Nitakuja kuangalia."

Akaja kweli, amejifunika shuka mpaka puani. Sisi wapigaji tulivaa mikono mirefu na soksi, safari hii miguuni, tukapakwa dawa ya kufukuza mbu mpaka tukanuka kama kabati la hospitali. Vijana wawili wenye miguu walikaa kati yetu, wawili wengine wakabaki kijijini. Jua likashuka nyuma ya miti. Kima wakaja kukaa mahali pao. Tukaanza kupiga, na mbu nao wakaingia kama watu waliokata tiketi. Taa za vijana zikawa zinawaka na kuzima, vichupa vinafunika na kufunua, vikombe vinapokezanwa. Saa kumi na mbili na nusu kijana mmoja akapaza sauti, "Dada, vikombe vimekwisha!"

Kule kijijini, wenzao walirudi na mbu wa kuhesabika kwa vidole, na vidole vikabaki.

Dada Jovita alikaa chini kwenye nyasi na vikombe vyake, akacheka, kisha nadhani alilia kidogo, lakini yeye ni mtaalamu kwa hiyo huenda ilikuwa ile dawa. "Mnaona?" alituambia. "Wanakuja jioni, wala si usiku wa manane, chandarua bado kimekunjwa. Wanakuja hapa, kima wako juu, nyie mko chini mmetulia mna jasho. Mahali pamoja, wakati mmoja. Majuma yote haya nimewatafuta ndani ya nyumba zenu." Baadaye maabara ilikuta vijidudu vya kima katika baadhi ya mbu wale, na jina la Tolungan likasomwa mbele ya wataalamu mjini. Mwalimu Severinus amelisikia kwa masikio yake, alimsindikiza Dada Jovita.

Lakini jioni ile ya kibandani bado Odu alikuwa amesimama na blanketi mkononi, tayari kuifunga tagung ya kwanza. Bibi Lunsim akamshika mkono.

"Ondoi alikufa kwa miaka yake," alisema. "Sitaki mtu amfuate kwa homa kwa ajili ya kimya changu. Mimi ndiye mwenye matanga, na mwenye matanga anaweza kuyafupisha. Nitachinja yule nguruwe wako, tule wote, yaishe. Mtapigia chini ya nyumba yangu, jua likishapanda, niwasikie vizuri." Akanitazama. "Na wewe wa tatu utakaa karibu yangu."

Tukapiga asubuhi, kila asubuhi, chini ya sakafu ya mbao ya Bibi Lunsim, naye akitugongea kwa fimbo kila tulipokosea. Aligonga upande wangu zaidi. Jioni, kila mtu wa Tolungan anayetoka shambani aliagizwa apite mbali na kibanda, avae nguo ndefu, ajipake dawa. Odu mwenyewe alisimama kwenye kijito na mwavuli akiwarudisha wabishi. Tangu wiki ile mpaka sikukuu, hakuna aliyeongezewa pini.

Mjomba Palong alitoka hospitali amekonda, shati linamning'inia. Alipanda jukwaani akapiga tagung kubwa akiwa ameketi kwenye kiti. Na sisi tukapiga. Sitasema uongo wa kujisifu, nitasema ukweli wa kujisifu: watu wa soko walisimamisha biashara. Mwanamke aliyekuwa akikaanga ndizi aliziacha zikaungua. Bibi Lunsim, nguo nyeusi amezivua, alikuwa mstari wa mbele, na hakuinua fimbo hata mara moja.

Tulikuwa wa pili. Sinurai walikuwa wa kwanza.

Nilimwendea Odu nikidhani nitamkuta amevunjika. Alikuwa anasugua mgongo wa Mjomba Palong kwa mafuta, anaimba. Mbele yake alisimama Mzee Lojingau, kiongozi wa kikundi cha Sinurai, kombe mkononi, hajui aliweke wapi.

"Mama Motilin," alisema kwa sauti ya chini, "wapigaji wangu wawili wako hospitali. Leo nimepiga na watu wa kuazima. Nasikia kwenu homa imesimama."

"Imesimama."

"Mlifanyaje?"

Odu alifunga chupa ya mafuta taratibu. Hajawahi kuwa mrefu, lakini wakati ule niliona Mzee Lojingau akiinama ili amsikie, na watu wa Sinurai nyuma yake wote wakisogea karibu, lori zima.

"Delfina," alisema Odu, "kamwite Dada yako Jovita. Mwambie aje na ramani ya kwao. Na wewe Lojingau, weka hilo kombe lako chini, utachoka. Hii habari ni ndefu."